Canter ya zamani imeanza kugonga: namna ya kutafuta chanzo kabla ya kufungua injini

Canter yenye injini ya 4D32, 4D33 au 4D34 ina kelele zake za kuzaliwa nazo. Nozeli zake (vinyunyizio vya mafuta) hunyunyiza dizeli moja kwa moja juu ya pistoni, taimingi yake (mpangilio wa valvu na pampu kufuata pistoni) ni ya gia za chuma wala si mkanda, na valvu zinafunguliwa na roka (mikono midogo iliyo juu) zinazosukumwa na pushirodi (fimbo) kutoka chini kwenye bloku. Ukiiwasha alfajiri itagonga kidogo hata ikiwa nzima kabisa. Mlio wa kushughulikia ni ule ambao juzi haukuwepo: ta-ta-ta mpya inayosikika juu ya ngurumo ya kawaida.

Pesa nyingi hupotea kwa kuupa mlio jina kabla ya kuuchunguza. Dereva anasema imenoki, yaani beringi za ndani zimekufa, sampu (bakuli la oili chini ya injini) inashushwa, na siku ya pili inaonekana kilichokuwa kinalia ni gasketi ya manifoldi ya moshi. Kinyume chake hutokea pia: tapeti, yaani nafasi kati ya roka na valvu, zinasetiwa kila wiki, kumbe beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti) inaendelea kuliwa. Chuma hubeba sauti mbali, hivyo sikio peke yake linaweza kukupeleka upande usio wenyewe. Swali la kuanza nalo ni mlio unafuata nini: mzunguko wa injini, mzunguko wa tairi, mzigo, joto, au silinda moja tu. Ukishalijibu hilo, sehemu za kushuku zinabaki mbili tatu.

Kabla ya kuiwasha tena

Egesha sehemu tambarare, zima, subiri dakika kumi, vuta stiki ya oili. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, usiiwashe ili kusikiliza. Ongeza kwanza hadi ifike kati ya alama mbili. Ikiwa imepanda kupita alama ya juu na inanuka dizeli, kuna mafuta yanayovuja kuingia kwenye sampu, na oili iliyochanganyika na dizeli haiwezi kubeba beringi. Hiyo imwagwe, filta ibadilishwe, na uvujaji utafutwe kabla ya jambo lingine lolote.

Paka oili kidogo kwenye karatasi nyeupe, uitazame juani. Weusi si tatizo, oili ya dizeli huwa nyeusi baada ya siku chache tu. Tafuta vumeta. Vya rangi ya fedha au ya shaba vinavyong'aa ukigeuzageuza karatasi ni chuma cha beringi. Ukiviona, na mlio wenyewe ni mzito wa kutoka chini, uchunguzi wa kuwasha umeishia hapo. Lori livutwe hadi gereji.

Taa ya oili kuzimika haimaanishi presha inatosha. Swichi yake hukata taa kwa presha ndogo sana. Ukiwa na shaka, toa swichi hiyo kwenye bloku, funga geji ya mkono, pasha injini moto, kisha soma. Kwa injini ya dizeli ya ukubwa huu, geji inayoonyesha chini ya baa 1 ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, inatia wasiwasi. Ukipandisha hadi mizunguko 2,000 kwa dakika, utegemee kuona kama baa 3 au zaidi.

Muulize pia aliyekuwa akiliendesha: mlio ulianza lini, na kabla yake kulifanyika nini? Ulioanza siku pampu ya dizeli iliporudishwa kutoka kwa fundi ni tofauti na ulioanza wenyewe taratibu kwa mwezi mzima. Ulioanza mara baada ya kujaza mafuta mahali pageni nao una maana yake. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya injini igonge kwa ukali, na pampu na nozeli huliwa kwa kukosa ulainishi.

Injini au magurudumu?

Lori likiwa limesimama, mlio ukasikika na kupanda unapopiga resi, uko kwenye injini au kitu kinachozungushwa nayo. Ruka sehemu hii. Ukisikika likitembea tu, tafuta barabara tambarare isiyo na magari. Fika kilomita 40 kwa saa, kanyaga klachi, acha injini ishuke hadi sailensa huku lori likiendelea kujiviringisha. Jaribio hili lisifanywe mteremkoni. Mlio usipobadilika, unafuata tairi au propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma).

Kisha endesha kwa mwendo wa mtu anayetembea, dirisha wazi, msaidizi akitembea pembeni kwa umbali salama. Tairi ya 7.00-16 huenda mita mbili na nusu hivi kwa mzunguko mmoja, na katika mzunguko huo propela hupiga mizunguko mitano au sita kwa Canter nyingi. Mpigo mmoja kila mita mbili na nusu ni wa gurudumu: jiwe lililobanwa kati ya tairi mbili za nyuma, msumari, nati za ringi zilizolegea, au ringi iliyopasuka. Nati zilizolegea huacha mistari ya kutu au vumbi la chuma kuzunguka tundu. Ukiiona hiyo, usiondoke hapo kabla ya kukaza, na kama matundu yameshaliwa na kuwa mviringo wa yai, ringi hiyo haifai tena.

Mipigo ya haraka zaidi ni ya propela. Weka magogo mbele na nyuma ya tairi, zima injini, ingia chini, shika propela kwa mikono miwili na uizungushe huku na huku karibu na kila krosi (kiungo cha propela). Krosi nzima haichezi hata kidogo. Unga mwekundu kama kutu kwenye vikombe vyake unaonyesha imekauka grisi. Senta beringi iangaliwe mpira wake: ukichanika, propela hupiga bracketi unapoondoka na mzigo. Mlio wa mpigo mmoja tu, ngo!, unapoachia klachi au unapopita tuta, hutoka kwenye yuboti, bushi za springi, kingi pini au bushi za shokapu. Kwa mlio huo hakuna haja ya kusikiliza injini.

Kusikiliza injini

Inua kabini, hakikisha mkono wa kuizuia umeingia mahali pake na pini imekaa. Kabini iliyoangukia mtu haimpi nafasi ya pili. Toa shanga, kamba ya kitambulisho, funga mikono ya shati. Feni haionekani ikizunguka.

Utahitaji nondo nyembamba ya urefu wa nusu mita au bisibisi ndefu, na kipande cha hosi ya mpira cha mita moja. Ncha ya nondo unaigusisha kwenye chuma, upande wa pili unauweka kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Hosi haigusi kitu. Unaipitisha karibu na viungo ili kusikia hewa au gesi inayovuja. Watu wengi hutumia nondo peke yake, na ndiyo maana uvujaji wa gesi huwapita.

Anza injini ikiwa baridi, kwa sababu mlio mwingine unaishi dakika tatu tu za mwanzo. Gusa kifuniko cha tapeti juu ya kila silinda, kisha kila nozeli, ubavu wa bloku, kifuniko cha gia za taimingi mbele, pampu, oltaneta pamoja na pampu ya vakyum iliyo mgongoni mwake, halafu sampu. Usitafute mahali unaposikika tu, maana utausikia karibu kila mahali. Tafuta mahali unapokuwa mkali na wenye ncha.

Vifaa vya nje viondolewe kwenye orodha mapema. Zima injini, legeza fenibelti na uivue, uiwashe tena kwa muda usiozidi dakika moja kwa sababu maji hayazunguki. Mlio ukipotea, chanzo ni oltaneta, pampu ya vakyum, pampu ya maji au feni yenyewe. Belti iliyochanika uzi hupiga kava kwa mlio unaofanana sana na wa tapeti, na feni iliyopasuka kwenye mzizi wa pangaboi nayo hulia hivyo hivyo. Hiyo ya pili ibadilishwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa ikikatika huingia kwenye radieta.

Kanyaga klachi hadi mwisho. Mlio ukibadilika, angalia beringi ya klachi, diski iliyovunjika springi, au shafti ya giaboksi.

Kulegeza mrija mmoja mmoja

Hiki ndicho kipimo chenye faida kuliko vyote, na hakihitaji kifaa zaidi ya spana. Kinafanywa kwenye injini za pampu ya mstari yenye mirija minne kama hizi. Usikifanye kabisa kwenye Canter mpya za komonreli (nozeli zote hulishwa na bomba moja la presha kubwa): presha yake inaweza kukuua. Hata kwenye hizi za zamani, dizeli inayotoka kwa presha hupenya ngozi na kuingia kwenye damu, kwa hiyo vaa miwani, funika nati kwa kitambaa kizito, na usiweke kidole karibu na tundu. Mtu aliyepenyezwa dizeli kidoleni apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama tundu ni dogo kama la sindano na haliumi.

Injini ikiwa sailensa, legeza nati ya mrija kwenye nozeli ya silinda ya 1, ile ya upande wa radieta, robo mzunguko au nusu, mpaka mafuta yaanze kudondoka na injini iyumbe. Sikiliza kwa sekunde kumi. Kaza. Nenda ya 2, ya 3, ya 4.

Silinda ambayo ukiilegeza injini haiyumbi haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo. Nozeli yake, valvu zake au kompresheni yake ina shida.

Mlio ukipotea kabisa kwenye silinda moja na kurudi unapokaza, unatokana na nguvu ya mwako wa silinda hiyo. Hapo kuna watuhumiwa wawili wakubwa: nozeli mbovu, au sehemu ya chini inayobeba mzigo huo, yaani beringi ya konrodi, pini ya pistoni au pistoni yenyewe. Kuwatenganisha ni rahisi. Hamisha nozeli ya silinda hiyo iende silinda nyingine, kwa washa (pete) mpya za shaba, na urudie kipimo. Mlio ukihama pamoja na nozeli, umepata. Nozeli inayovujisha matone badala ya kunyunyiza ukungu hugonga kwa mlio mkavu wa nyundo ndogo, mara nyingi na moshi mweusi au mweupe, na mtu anaweza kuapa kwamba injini imenoki. Peleka zote nne kwenye mashine ya kupima kabla ya kununua chochote. Mlio ukibaki kwenye silinda ileile hata kwa nozeli nyingine, tatizo liko chini.

Mlio usipobadilika hata kidogo kwenye silinda zote nne hautokani na mwako. Mara nyingi ni valvu, gia za taimingi au pampu ya mafuta.

Uvujaji unaojifanya tapeti

Gasketi ya manifoldi ya ekzosi iliyotoboka hutoa tik-tik safi inayoongezeka ukikanyaga mafuta, na hupungua au kupotea injini ikipata moto kwa sababu chuma hutanuka na kuziba. Tafuta alama za masizi meusi kwenye kiungo. Pitisha hosi polepole kando ya manifoldi. Usikaze bolti za manifoldi ikiwa moto, hukatika ndani ya hedi, na kutoa kipande kilichobaki ni kazi ya siku nzima.

Washa ya shaba chini ya nozeli ikichoka, kompresheni hupenya kwa mlio wa tss-tss. Mwagia dizeli kidogo kuzunguka nozeli: ukiona mapovu, hapo ndipo. Washa ya zamani isirudishwe, na kikalio kisafishwe masizi yote, la sivyo mpya nayo itavuja wiki ijayo.

Tapeti zenyewe

Mlio wa valvu ni mwepesi, hutoka juu, na ni wa polepole kuliko unavyotarajia, kwa kuwa kamshafti (shafti inayofungua valvu) huzunguka nusu ya mwendo wa krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni). Injini ikiwa na mizunguko 650 kwa dakika, valvu moja iliyolegea inagonga kama mara tano kwa sekunde, wakati kitu kinachogonga kila mzunguko wa krankshafti kinapiga kama mara kumi na moja. Ukipigapiga kidole pamoja nao utausikia ule wa mara tano, na ule wa kumi na moja utakushinda kuufuata.

Nafasi ya tapeti kwa injini hizi ni milimita 0.40, injini ikiwa baridi, kwa valvu za kuingiza na za kutoa sawasawa. Baridi maana yake imelala usiku kucha au imepumzika saa kadhaa.

Toa terminali ya betri, weka gia huru, fungua kifuniko cha tapeti. Zungusha injini kwa spana kubwa kwenye puli ya krankshafti mpaka alama ya silinda ya 1 na 4 ilingane. Chezesha roka za silinda ya 1: zote mbili zikiwa na nafasi, pistoni ya 1 iko juu kwenye kompresheni. Zikiwa zimebana, zungusha mzunguko mmoja kamili zaidi. Hapo unaseti hizi: silinda ya 1 zote mbili, silinda ya 2 ya kuingiza, silinda ya 3 ya kutoa. Zungusha mzunguko mmoja kamili, ili ya 4 iwe kwenye kompresheni, kisha seti zilizobaki: ya 4 zote mbili, ya 3 ya kuingiza, ya 2 ya kutoa. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Ya kuingiza na ya kutoa utaijua kwa kuangalia tundu lake linaelekea manifoldi ipi.

Kabla ya kugusa nati yoyote, pima zote nane na uandike. Moja ikiwa 0.70 na nyingine zote ziko karibu na 0.40, umepata mlio, lakini bado hujajua kwa nini imelegea. Fila (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya 0.40 inatakiwa kupita kwa mkwaruzo mdogo. Ukishakaza nati ya kufungia, pima tena, kwa sababu skrubu huzunguka nayo.

Ncha ya roka iliyoliwa hufanya kishimo, na fila iliyonyooka hupita juu ya kishimo hicho kama daraja. Unapima 0.40 huku nafasi halisi ni kubwa zaidi, na mlio unabaki. Toa roka, uitazame. Viringisha pushirodi juu ya kioo: iliyopinda itarukaruka. Angalia bolti za shafti ya roka, springi iliyovunjika, na kama oili inafika juu kwa kila roka. Linganisha pia umbali ambao kila valvu inashuka inapofunguka. Inayoshuka kidogo kuliko wenzake ina kamu iliyoliwa, au tapeti (kipande kinachokaa kati ya kamu na pushirodi) iliyoliwa, na hiyo kuseti hakuiponyi. Itatulia siku tatu, irudi.

Usikubali tapeti zibanwe zaidi ya kipimo ili mlio uishe. Tapeti iliyobana hailii, ila valvu haikai vizuri kwenye kikalio chake, haipoi, na huungua. Ni afadhali lori lenye tik-tik ndogo kuliko lililonyamazishwa hivyo.

Mbele kwenye gia, na pampu

Mlio wa gia za taimingi ni wa kukwaruzana na kugongana bila mpangilio, mkali mbele, na mara nyingi husikika zaidi sailensa kuliko kwenye mwendo. Lakini ikiwa injini nzima inagonga kwa ukali, silinda zote sawa, na pampu ilitoka kufungwa hivi karibuni, shaka ya kwanza iwe taimingi ya pampu iliyotangulia mno. Mafuta yanawaka pistoni ikiwa bado inapanda. Hiyo ikiachwa huvunja ringi za pistoni na kuchosha gasketi ya hedi. Ilinganishwe upya kwa alama, si kwa kuisikiliza.

Mlio wa chini

Pistoni iliyolegea kwenye silinda hugonga ikiwa baridi na kutulia ikipata moto. Lori linaweza kufanya kazi nayo muda mrefu, huku ukifuatilia moshi na oili inayopungua.

Pini ya pistoni hutoa mpigo pacha, ta-tak, ta-tak, sailensa.

Beringi ya konrodi huenda kinyume na pistoni. Ikiwa baridi oili nzito inaificha, ikipata moto inatokeza: ko-ko-ko nzito, inayozidi unapobeba mzigo au unapoachia mafuta ghafla. Ukiupunguza mlio huo kwa kulegeza mrija wa silinda moja, na geji inaonyesha presha ndogo, zima. Oili nzito zaidi au dawa ya chupa huuficha kwa siku chache, na katika siku hizo krankshafti inaliwa. Ukishusha sampu mapema, huenda krankshafti bado iko saizi na ikahitaji beringi mpya tu, au kusagwa saizi moja. Ukichelewa, konrodi hutoboa bloku.

Kofia za konrodi zitiwe alama ya namba na upande kabla ya kufunguliwa, wala zisibadilishane. Beringi ikionekana imeliwa, krankshafti ipimwe kwa mikromita sehemu mbili za kila jarida (sehemu ya krankshafti inayozunguka ndani ya beringi), kwa sababu lililokuwa mviringo kamili huwa yai, na beringi mpya juu ya yai haimalizi safari ya kwanza ya mlima. Tundu la oili la jarida hilo lizibuliwe kwa waya na upepo, na pampu ya oili ipimwe siku hiyo hiyo. Beringi moja kuliwa peke yake huku nyingine zote ni nzima, mara nyingi ni tundu lililoziba. Zote zikiliwa pamoja, tafuta kwenye pampu, chujio la sampu, au oili iliyochanganyika na dizeli.